Namna ya kuishitaki komini (manispaa) iliyokubomolea nyumba au kukunyang'anya parseli (kiwanja), Lubumbashi

Maneno "à démolir" (ya kubomolewa) yakipakwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wako yanatisha, lakini rangi si uamuzi. Uamuzi ni karatasi: arete (amri ya maandishi) ya meya, arete ya bugumesta (mkuu wa komini), barua ya konservateri wa hati za ardhi. Mwenye parseli anayebaki kubishana na vijana waliokuja na ndoo ya rangi anapoteza siku, na kesi ya namna hii inahesabiwa kwa siku. Jambo la kwanza ni kuidai hiyo karatasi.

Andika barua ya nusu ukurasa, kwa Kifaransa kwa sababu ndiyo lugha ya ofisi na ya korti, umuulize bugumesta nyumba yako imewekwa alama kwa uamuzi gani, wa tarehe gani, wenye namba gani. Taja avenyu, namba ya nyumba, kartie (mtaa), komini na namba ya kadasta (ofisi ya upimaji wa ardhi). Toa nakala mbili. Moja inabaki sekretariati. Nyingine inarudi nawe ikiwa na muhuri, tarehe, namba ya kuingia na jina la aliyeipokea. Hiyo ndiyo akize, na huko mbele utaihitaji kuliko barua yenyewe. Wakikataa kupiga muhuri, usigombane nao. Nenda grefi ya tribinali (ofisi ya karani wa mahakama), mwombe wisie (mjumbe rasmi wa mahakama) aipeleke yeye. Akishaandika kwamba ameikabidhi, komini haitaweza kusema haikuiona. Kumwendea papa shefu wa kartie kwa heshima ni vizuri, pengine atakunong'oneza amri ilitoka wapi, ila maneno yake ya mlangoni hayaingii kwenye dosie (faili la kesi).

Karatasi zako zina nguvu gani

Sheria ya ardhi, namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, inasema udongo ni mali ya Serikali peke yake. Ulicho nacho wewe ni haki ya kuutumia, pamoja na nyumba uliyosimamisha juu yake. Kifungu cha 219 kinasema haki hiyo inathibitishwa na sertifika ya uandikishaji tu, ile iliyoandikwa juu "certificat d'enregistrement". Itazame vizuri: ina volimu na folio (namba ya kitabu na ya ukurasa). Ilitengenezwa mara mbili, moja imo kwenye kitabu cha konservateri, nyingine ni yako. Nenda ukahakikishe kwamba ukurasa wa kitabu na karatasi yako vinasema jambo moja, na kwamba umeenda kwenye ofisi ya eneo lako, si ya eneo jirani. Ukikuta jina jingine kwenye folio yako, hiyo ni kesi nyingine kabisa, na ni afadhali uijue leo kuliko siku wakili wa komini atakapoisoma mbele ya jaji.

Kifungu cha 227 ndicho ngao. Miaka 2 ikipita tangu sertifika iandikishwe, haki yako haigusiki tena. Anayeilalamikia anaweza kudai fidia tu, si kukuondoa. Lakini ngao hiyo ina tundu. Ardhi iliyotengwa kwa matumizi ya umma, kama barabara, uwanja wa shule au makaburi, haigawiwi mtu yeyote mpaka kwanza iondolewe rasmi katika matumizi hayo. Kama ofisi ilikuuzia kipande cha barabara ikakupa na sertifika, usijenge kesi yote juu ya kubaki pale. Weka mbele fidia dhidi ya Serikali iliyokupa karatasi hiyo.

Chini ya sertifika kuna kontra ya "location" (mkataba wa kupanga ardhi ya Serikali), ambayo haipiti miaka 3 na ni hatua ya kuelekea kwenye hati kamili. Wengi huiacha ilale kabatini mpaka inaisha, kisha hushangaa. Chini yake tena kuna fishi ya parseli, atestasio ya shefu wa kartie, livre ya "logeur" (kijitabu cha mwenye nyumba) ya babu, na karatasi ya kununua iliyopigwa muhuri wa kartie. Hizi zinaonyesha historia na nia njema, hazikupi haki ya ardhi. Aliye nazo hizo tu atapata taabu kuomba arudishiwe kiwanja, na komini inaweza kumrushia kifungu cha 207, kinachofanya kukaa kwenye ardhi bila hati kuwa kosa la jinai. Hata hivyo anaweza kulalamikia namna alivyotolewa: hakuandikiwa, hakupewa muda, hakusikilizwa, vyombo vyake vilivunjwa. Aombe hilo, asiombe kisichokuwa chake.

Tazama pia jina lililo kwenye hati. Kama ni la baba aliyefariki, wewe mtoto huwezi kufungua kesi kwa jina lako kana kwamba nyumba ni yako. Anayesimama ni likwidateri (msimamizi) wa urithi, akiwa na karatasi ya tribinali inayomtambua. Mwenye nyumba akiwa Kolwezi au ng'ambo, anahitaji kutoa prokirasio maalumu (karatasi ya kumwakilisha) iliyopita kwa notari. Kesi nzuri hutupwa nje kwa kasoro hii bila jaji kufungua hata ukurasa wa pili.

Nani hasa unamshitaki

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Kwa sheria ya 2008 kuhusu mamlaka za mitaa, mji na komini ni watu mbele ya sheria: vinaweza kushitaki na kushitakiwa. Kartie haiwezi. Ukimshitaki "Kartie" fulani ya Katuba au ya Ruashi, umeshitaki hewa. Anayetakiwa ni Komini ya Katuba, ikiwakilishwa na bugumesta wake, au Mji wa Lubumbashi, ukiwakilishwa na meya. Amri ikitoka kwa gavana au kwa waziri wake, unashitaki Provensi ya Haut-Katanga. Kadasta na konservateri si watu wa komini, ni wa wizara ya ardhi ya Kinshasa, kwa hiyo makosa yao yanabebwa na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kama sertifika yako imefutwa na konservateri kwa barua ya bugumesta, waite wote: Jamhuri, konservateri na komini. Ukimsahau mmoja, watakaobaki watamtupia yeye lawama zote, naye hayupo kujibu.

Unaweza pia kumwita kwa jina lake ofisa aliyepita mipaka, lakini fikiri mara mbili. Mfuko wa mtu mmoja ni mdogo, na kifungu cha 260 cha "Code civil" (sheria za kiraia), kitabu cha tatu, tayari kinaifanya mamlaka ijibu kwa makosa ya watumishi wake kazini.

Njia mbili, na kosa la kuzichanganya

Kuna kuomba uamuzi ufutwe na kuna kuomba fidia, na milango yake si mmoja.

Kufuta arete ni kazi ya majaji wa mambo ya utawala, chini ya sheria ya tarehe 15 Oktoba 2016. Maamuzi ya komini na ya mji huenda tribinali ya utawala, ya provensi huenda korti ya rufaa ya utawala, ya wizara za Kinshasa huenda Konseyi ya Serikali (korti ya juu kabisa ya mambo ya utawala). Pale ambapo korti hizo za mikoani hazijafunguliwa, korti ya rufaa ya kawaida ndiyo inayoketi badala yake. Uliza grefi kabla ya kuandika kichwa cha maombi. Fidia ya hasara uliyosababishiwa na arete hiyohiyo iombe ndani ya maombi yaleyale ya kuifuta, usiiache kwa siku nyingine.

Kama hakuna arete yoyote, yaani watu walikuja alfajiri na mashine, wakabomoa wakaenda, hapo hakuna cha kufuta. Hicho ni kitendo cha nguvu tupu, majaji wanakiita "voie de fait", nacho kinapelekwa tribinali kuu, "tribunal de grande instance", kwa kifungu cha 258 cha "Code civil": aliyeharibu kwa kosa lake alipe. Ndiyo maana barua ya kwanza ni ya lazima. Komini ikijibu, una arete ya kushambulia. Ikinyamaza, kimya chake kinasaidia kuonyesha kwamba ilibomoa bila karatasi.

Katika njia zote mbili, msingi ni kifungu cha 34 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006: mali ya mtu ni takatifu, hanyang'anywi ila kwa faida ya umma na baada ya fidia ya haki iliyotangulia. Ongeza kifungu cha 29 juu ya nyumba kutoingiliwa, cha 19 juu ya haki ya kujitetea, na cha 14 cha Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Lakini Katiba peke yake haimshindishi mtu kesi. Jaji anataka kuona hatua ipi ya sheria ya kawaida ilirukwa.

Hesabu ya miezi

Kabla ya kwenda kwa jaji wa utawala, lazima kwanza umlalamikie aliyetoa uamuzi mwenyewe, ndani ya miezi 3 tangu uamuzi utangazwe au ukufikie. Wanaiita "réclamation préalable". Ukiiruka, kesi haipokelewi. Asipojibu kwa miezi 3, kimya chake kinahesabiwa kuwa amekataa, na kuanzia hapo una miezi 3 mingine ya kufika kortini.

Tuseme arete imekufikia tarehe 10 Februari. Siku yako ya mwisho ya kulalamika ni kama tarehe 10 Mei, lakini mwenye akili hangoji hapo. Umepeleka tarehe 20 Februari: kimya kikiendelea mpaka tarehe 20 Mei, umekataliwa. Mlango wa korti unakaa wazi hadi tarehe 20 Agosti. Wakijibu mapema, kwa mfano tarehe 15 Machi, hesabu ya kortini inaanza siku jibu lilipokufikia, si tarehe 20 Mei. Wengi huanguka kwenye shimo hilo. Wengine huandika barua ya pili na ya tatu wakidhani kila barua inaanzisha hesabu upya, haianzishi.

Barua hii ya malalamiko isiwe ya kuomba huruma. "Ninakubali nilijenga vibaya ila nionee huruma kwa ajili ya watoto" ni kukiri, na utaikuta imenukuliwa katika utetezi wa komini. Sema nani wewe, hati yako ni ipi, unapinga uamuzi upi, kwa sababu zipi, na unaomba uondolewe. Ipeleke kwa aliyetoa uamuzi: arete ya meya inalalamikiwa kwa meya, hata kama mjomba wako anafanya kazi kwa gavana.

Mashine ikiwa iko njiani

Miezi mitatu ni mingi kwa nyumba itakayoanguka Jumatatu. Sheria ya 2016 ilileta maombi mawili ya haraka. La kwanza ni kusimamisha uamuzi mpaka kesi yenyewe iamuliwe: onyesha haraka iliyopo, na onyesha shaka nzito juu ya uhalali wa arete. La pili, "référé-liberté", ni la haki ya msingi inayovunjwa wazi, na jaji anapaswa kuamua ndani ya saa 48. Ambatisha nakala ya arete, sertifika, picha za alama ukutani, na tangazo lenye tarehe ya kubomoa kama lipo. Ombi la ukurasa mmoja na nusu lenye vielelezo vitano linasomwa siku ileile. Lenye kurasa ishirini za historia ya ukoo linangoja.

Amri ikitoka, ipelekwe na wisie kwa bugumesta, kwa mkuu wa polisi wa komini na kwa dereva wa mashine kama yupo pale. Amri iliyobaki mfukoni mwako haijamfikia mtu. Na usipange vijana wa kuzuia mashine kwa mawe. Siku moja ya vurugu inakugeuza mshitakiwa, na dosie yako nzuri inasubiri wakati wewe unajibu parke (ofisi ya mwendesha mashitaka).

Ukiambiwa ni kwa faida ya umma

Barabara inapanuliwa, mfereji unachimbwa. Sheria ya tarehe 22 Februari 1977, namba 77-001, ina utaratibu wake, na swali la kwanza ni nani ametia sahihi. Kunyang'anya kwa faida ya umma si kazi ya bugumesta wala ya meya: kwa kawaida ni arete ya waziri wa ardhi, na kwa eneo zima ni amri ya Rais wa Jamhuri. Karatasi ya komini inayosema "utilité publique" bila hiyo nyingine ina kasoro kwenye sahihi yenyewe.

Ikiwa utaratibu ni wa kweli, utaandikiwa, nawe una mwezi 1 wa kutoa maoni na bei yako. Utumie wote, usitie sahihi bei yao siku ya kwanza. Mkishindwa kuelewana, tribinali inapanga fidia kwa msaada wa wataalamu, na malipo yasipitishe miezi 4 tangu hukumu. Yakipita, unaweza kuomba kunyang'anywa kwenyewe kufutwe, pamoja na fidia ya hasara.

Ushahidi na hesabu ya hasara

Ita wisie kabla ya kubomolewa na tena baada. Aandike anachokiona: vyumba vingapi, kuta za matofali ya kuchoma au ya saruji, malata (mabati) mangapi, mlango wa chuma au wa mbao, kisima, choo. Picha za simu piga kila pembe ya kila chumba, zihifadhi pia nje ya simu hiyo. Usizitegemee peke yake, maana wakili wa komini atauliza ni nyumba ya nani. Fakitire (bili) za SNEL, za umeme, na za REGIDESO, za maji, zinaonyesha kwamba uliishi pale, hazionyeshi kwamba parseli ni yako. Ziweke mahali pake.

Hasara ihesabiwe kipande kwa kipande. Kwa vifaa, chukua proforma (karatasi ya bei kabla ya kununua) kutoka maduka matatu na utumie bei ya katikati, si ya juu. Kwa kazi ya mikono, devi (makadirio ya gharama) ya fundi mwenye kitambulisho. Kwa wapangaji, kontra zao na risiti: vyumba 2 vya dola 60 kwa mwezi, vikikaa bure miezi 14, ni dola 1,680, na jaji anaweza kuifuata hesabu hiyo kwa kalamu yake. Kodi uliyolipa kwingine iandike kando. Uchungu wa moyo una nafasi yake, mwisho, kwa kiasi cha busara. Anayeomba dola milioni kwa nyumba ya vyumba vitatu anamfanya jaji aitilie shaka na hesabu ya malata.

Komini itasema hukuwa na ruhusa ya kujenga. Inaweza kuwa kweli, kwa hiyo usiikwepe. Kukosa ruhusa ya kujenga hakufuti haki yako juu ya ardhi, na hakumpi mtu ruhusa ya kubomoa bila kukuandikia na kukusikiliza.

Kama unadhani umeonewa kwa sababu ya kabila au mkoa unaotoka, vifungu vya 12 na 13 vya Katiba viko upande wako, lakini uhakika wa moyoni hautoshi. Tafuta jirani mwenye kosa lilelile, kwenye avenyu ileile, ambaye hakuguswa. Picha ya nyumba yake, umbali wake hadi barabara uliopimwa kwa mita, tarehe aliyojenga. Majirani watatu wa namna hiyo wana uzito kuliko uvumi wa kartie nzima. Ukiwakosa, acha hoja hiyo: hoja dhaifu inazivuta chini zile zenye nguvu.

Kortini, na baada ya hukumu

Mbele ya tribinali kuu unaweza kusimama na defanseri (mtetezi wa mahakama za chini) au avoka (wakili). Kwenye korti ya rufaa, tafuta avoka. Patana bei kwa maandishi. Asiye na uwezo aende ofisi ya ushauri wa bure ya baro (chama cha mawakili) akiwa na karatasi ya uhitaji. Grefi utaweka pesa ya kuanzisha dosie, na namba ya RC (ya kesi ya kiraia) utakayopewa iandike kila mahali. Dai risiti kwa kila senti. Isiyo na risiti haikulipwa kwa korti. Mwito unampa mshitakiwa siku 8 kamili, na siku 1 zaidi kwa kila kilomita 100. Siku hizo zikihesabiwa vibaya, shauri linarudi mwanzo. Kwa kuwa mshitakiwa ni mamlaka ya umma, dosie itapita parke kwa maoni, na hapo ndipo hupenda kulala. Avoka wako aifuate kila wiki.

Ukishinda, chukua nakala yenye nguvu ya kutekelezwa, "grosse", uilipie, umtume wisie aikabidhi komini. Ukishindwa, siku 30 za rufaa zinahesabiwa tangu ulipokabidhiwa hukumu. Usipange kukamata gari la bugumesta: mali ya mamlaka ya umma haikamatwi, na kifungu cha 30 cha sheria ya OHADA (jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara) juu ya utekelezaji kinaikinga. Kifungu hichohicho kinaruhusu madeni yafutane, kwa hiyo kama komini inakudai kodi isiyo na ubishi, dai likatwe humo. Kilichobaki kiandikie barua mbili kabla bajeti ya mwaka unaofuata haijapigiwa kura, moja kwa bugumesta na moja kwa konseyi ya komini, ukiomba deni liandikwe kwenye mstari wake lenyewe, pamoja na namba ya RC na nakala ya hukumu. Na kila nakala irudi na akize.